Joka la Queen na Shikamoo Isiyoitikiwa

Kijiji cha Nyamhela,
Magu, Mwanza.
Jumanne, 19 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Pius,

Marahaba. Najua kabla hujaketi vizuri umeshasema shikamoo dada moyoni, kwa hiyo naitikia mapema. Siku hizi nimejifunza kwamba salamu isiyoitikiwa ni kitu kibaya sana. Nitakueleza.

Ila kabla ya lolote, aliyekuletea barua hii mpe kiti, mpe maji ya kunywa, na kama jikoni kuna chai au uji apewe. Ametoka mbali, amelala njiani, na hakula cha maana. Usianze kumhoji jina wala ukoo kama ilivyo kawaida yako. Mwache akae hapo hapo, asiondoke mpaka umesoma neno la mwisho. Nakuagiza hivyo mimi dada yako niliyekubeba mgongoni ulipougua surua, na ukanitapikia.

Hamjambo huko Songea? Hellen anaendeleaje na mguu wake? Watoto wanasoma? Na mashine yako ya kusaga, bado mkanda unakukatikia kila wiki au umeacha ubahili ukanunua mpya? Mimi mwili upo, namshukuru Mungu. Presha inapanda inashuka, magoti yananiambia mvua zinakuja kabla ya redio. Mahindi nimelima kipande kidogo tu, peke yangu, na dagaa sianiki tena. Sababu ya yote mawili utaiona humu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwenye karatasi kama enzi za baba. Simu sina, Pius. Queen naye hana. Zote mbili zimefungwa kwenye kitambaa chekundu nyumbani kwa mganga wa ng'ambo ya mto, zimepakwa dawa, kwa sababu wanasema joka linaishi mle ndani. Cheka ukitaka. Mimi nilicheka siku ya kwanza, sasa hata kucheka naogopa.

Ndiyo, habari ni ya Queen, mtoto wa marehemu mdogo wetu Evelina. Usiikunje barua! Nakujua, ukisikia jina hilo utaikunja uitie mfukoni. Nakumbuka vizuri ule mkutano wa ukoo tulipokupigia simu, ikawekwa sauti ya kusikika na wote, nawe ukasema binti huyo asikanyage kwako, una watoto wadogo, hutaki mambo ya majoka. Kila mtu alisikia. Na yeye alisikia, alikuwa nyuma ya ukuta anaosha vyombo. Sikukujibu siku ile mbele ya ukoo wote. Leo ndiyo nakujibu.

Na ninachotaka nikuambie mapema ili usihangaike: wanataka kumuua, Pius. Wao hawasemi kuua, wana neno lao zuri, lakini ni kuua.

Chanzo ni hiki. Queen anatunga riwaya. Ndiyo, riwaya, ya kubuni kichwani mwake. Kwa miezi nilimwona ameinamia simu kila tukipumzika kuanika dagaa, nikadhani kuna kijana wa Kisesa anamdanganya. Siku moja nikamvizia nikamnyang'anya simu. Nikakuta hakuna kijana, kuna joka.

Riwaya yenyewe inamhusu binti ambaye kijiji kizima kilimfukuza kwa kuwa mvua iligoma mwaka aliozaliwa. Hata jina lake walilifuta, ikawa mwiko kulitamka. Anakwenda kuishi peke yake kwenye kisiwa cha mawe, na kule anakuta yai kubwa kama mtungi limejificha kwenye ufa wa jabali. Analilalia kama kuku. Linatoka joka, dogo, lina mabawa ya ngozi, likipiga chafya zinatoka cheche. Analilea kwa furu na dagaa mpaka linakuwa kubwa kuliko kivuko, nalo linamfundisha uchawi wa kuita upepo kwa mluzi. Mimi na uzee wangu huu nilikuwa naacha ugali uungue ili nisikie yule binti kafanyaje.

Alikuwa anatuma kipande kipande kwa wasichana wenzake. Wanawake wengi wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, macho yetu hayawezi maandishi ya simu, tukamwomba asome kwa sauti, akawa anajirekodi. Simu inawekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sisi tunageuza dagaa huku tunasikiliza. Kulikuwa na raha, sikudanganyi. Hata wanaume waliokuwa wanajifanya wanashona nyavu walikuwa wanasogea karibu.

Kosa likaanzia hapo. Wewe unajua tulivyolelewa. Bibi alipotaka kutusimulia sungura na fisi, kwanza alisema hadithi hadithi, nasi tukaitikia hadithi njoo. Tusipoitikia hafungui mdomo. Ule ndio mlango wa hadithi, na ukishaingia mlangoni unajua uko ndani ya uongo mtamu. Queen hakuweka mlango. Alianza moja kwa moja, na sauti yake mwenyewe ile ya upole: Mimi ndiye niliyelea joka la ziwa hili. Jina langu hamlitaji, lakini mnaniogopa.

Sisi wa mwaloni tulielewa. Lakini sauti zile zilirushwa simu hadi simu, zikafika Kisesa, zikafika mpaka Buhongwa kwa watu wasiomjua, kisha zikarudi kijijini kwetu zikiwa vipande. Mtu anapokea cha katikati, anasikia binti anayemfahamu kabisa, mtoto wa marehemu Evelina, anasema kwa kinywa chake kwamba jana amelisha joka. Wazee wakasema huyu hatungi, huyu anakiri.

Ndalahwa, yule mliyesoma naye darasa moja, ndiye mtemi wa sungusungu siku hizi. Alisikiliza vipande vyote amekunja uso. Mwishoni akauliza jambo moja tu, ni nani aliyeitikia hadithi njoo? Watu wakatazamana. Hakuna aliyeitikia, maana hakuna aliyeombwa kuitikia. Akasema, "Basi hiyo si hadithi. Hiyo ni taarifa."

Hata hapo yangeweza kupoa. Watu wangesengenya wakachoka. Kilichotumaliza ni siku ya Chenge.

Chenge alikuwa mvuvi, kijana mcheshi, ndiye aliyekuwa anatuletea dagaa wa kuanika. Siku ile alichelewa kurudi ziwani, mchana jua kali, mara wingu likasimama juu ya maji, jeusi tii. Mkia ukashuka kutoka kwenye wingu. Ulishuka polepole, unazunguka, mpaka ukagusa ziwa, na maji yakapanda kuufuata. Tumeiona nguzo ya maji tangu utotoni, mimi na wewe, na baba alituambia ni upepo tu una kiu. Lakini hii ilikuwa karibu, Pius. Ilikuwa na shingo. Ilikuwa inageuka geuka kama inatafuta mtu. Mngurumo wake niliusikia kwenye meno.

Watu waliangusha makarai wakakimbia, mimi mwenyewe nikaacha kiatu kwenye mchanga. Queen hakukimbia. Alisimama pale ufukoni uso umejaa furaha kama mtu aliyemwona ndugu yake aliyepotea, akapiga kelele, "Ni lenyewe! Ni lenyewe kabisa, hivi hivi!"

Alikuwa na maana kwamba ndivyo alivyoliwaza kichwani. Najua. Mimi nimemlea, najua. Lakini mtumbwi wa Chenge ulikuwa kule kule. Mbao zake zilirudi, Chenge hajarudi mpaka leo, hata mwili wa kuzika hakuna. Na mwalo mzima ulimsikia binti akisema ni lenyewe.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Aliponigeukia na uso ule unaong'aa, nilirudi nyuma. Mimi, niliyempokea siku anazaliwa! Hofu haina adabu, inaingia hata kwa mwenye akili zake. Kwa hiyo sikulaumu sana kwa maneno yako ya simuni. Nakulaumu kidogo tu.

Wakapiga mwano, ule ukelele wa hatari unaomtoa kila mtu nyumbani, wakakutana kwa Ndalahwa, wakatutenga. Umekaa mbali miaka mingi, huenda umesahau kutengwa kulivyo. Hakuna viboko wala kamba. Ni kimya. Hakuna anayekusalimia, hakuna anayekuuzia chumvi, hakuna anayekupa kaa la moto, na ukifiwa utachimba kaburi mwenyewe. Anayevunja kimya hicho naye anatengwa, kwa hiyo kila mtu anamlinda mwenzake asije akalegea.

Nilipeleka mahindi mashineni. Nilipofika, fundi akazima mashine. Hakuniambia ondoka, alizima tu akaanza kujifuta mikono, na wanawake waliokuwa foleni wakaanza kutazama bati juu kama wanahesabu matundu. Hao ni wanawake niliocheza nao ngoma kwenye harusi zao. Nikajitwika debe langu nikatoka, na kabla sijafika barabarani nikasikia mashine imewashwa tena. Wewe una mashine, unaujua mlio ule. Mimi sasa nikiusikia naingia ndani nafunga mlango. Tunatwanga kwenye kinu, tukichoka tunachemsha michembe, vile viazi vikavu.

Lakini kilichonivunja zaidi ni shikamoo. Queen alilelewa, Pius, hata kama hamtaki kukubali. Kila asubuhi akienda kisimani alikuwa anapiga goti, shikamoo mama, shikamoo baba. Hakuna marahaba. Wanatazama ndoo zao. Kesho yake anakwenda tena na shikamoo yake, na kesho kutwa. Nilimwambia aache, anajidhalilisha bure. Akaniambia, "Mama, nikiacha kuamkia ndipo nitakuwa kweli huyo wanayemsema."

Wiki iliyopita nilimwona anapita katikati yao ameinamisha kichwa. Hakuamkia mtu. Alichota maji akarudi, akaketi jikoni mpaka moto ukazimika. Siku ile niliogopa kuliko siku ya nguzo ya maji. Nilijiona namtazama yule binti wa kwenye riwaya, yule asiye na jina.

Utasema mbona sikwenda serikalini. Nilikwenda. Ofisi siitaji, ukuta una masikio. Kijana aliyekaa nyuma ya meza alinisikiliza huku anakunywa soda, akaniuliza, "Mama, kuna sheria gani inayomlazimisha mtu kukusalimia? Rudi ukiwa na ushahidi wa kupigwa." Nikamwambia mwanangu, nikirudi na ushahidi huo nitakuwa nimebebwa. Akacheka sana. Alidhani namtania.

Sasa ndiyo nafika kwenye lenyewe. Juzi Jumapili nilikuwa nalima kile kipande changu. Suzana, mke wa Ndalahwa, akapita kando ya shamba anachunga mbuzi. Haruhusiwi kunitamkia neno, kwa hiyo akamtamkia mbuzi. Haki ya Mungu vile. Alisimama, akanipa mgongo, akaanza kumkemea yule mnyama.

"Wewe mbuzi mjinga, kazi yako kula tu! Hujui Jumamosi wanampeleka mtu ziwani? Mganga amesema kilichoandikwa na mkono wake kitimizwe na mwili wake. Mtumbwi bila kasia, asukumwe mpaka penye kina, aliite joka lake limrudishe Chenge. Wewe ungekuwa na akili ungekuwa umeshahama!"

Nikaacha kulima. Maana hapo ndipo riwaya ilipoishia, Pius. Kipande cha mwisho alichotuma, wanakijiji wanamtia yule binti kwenye mtumbwi usio na kasia, wanausukuma. Halafu akakata ili watu wasubiri kwa hamu. Hawa wa kwetu hawakusubiri. Wamekichukua kama dawa ambayo daktari amemwandikia mgonjwa, mara moja, isiachwe. Wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Na Queen hajui kuogelea. Mwaka mzima anaandika maji na hajui kuogelea.

Suzana alisogea mbele kidogo, akasimama tena. Akamwinamia mbuzi, sauti yake ikashuka. "Na yule binti wa kwenye simu, wewe mbuzi, joka lilikuja kumchukua au alizama? Niambie, maana silali." Mimi nami nikamjibu mbuzi, ningefanyaje. Nikasema, "Mbuzi, mwambie mwenyewe mtunzi bado hajui." Akafuta macho kwa pindo la kitenge, akaenda zake.

Unaona hapo? Hawa si wanyama. Wengi wao wanamlilia yule binti wa uongo, huku huyu wa kweli wanamtayarishia mtumbwi. Ndalahwa naye Chenge alikuwa mpwa wake wa damu, hana hata kaburi la kuwekea msalaba, na anaogopa. Mtu mwoga mwenye kundi nyuma yake, huyo ndiye ninayemhofia mimi. Joka lingeniuma mara moja likaniacha.

Jana mtumbwi nimeuona. Wameuvuta ufukoni wameupindua, na mtu ameupaka chokaa ubavuni. Mtumbwi wa kuvulia haupakwi chokaa. Nilitafuta kasia pembeni yake, halikuwepo, nikarudi nyumbani.

Kwa hiyo nimefanya jambo bila kumuuliza mtu, wewe ukiwemo.

Unamkumbuka Msafiri, yule mnunuzi wa dagaa wa Kisesa, swala tano, anayesema "inshallah" hata ukimwomba asogeze gari? Yeye si wa kijiji chetu, kutengwa kwetu hakumfungi, na sungusungu wanamhitaji kwa sababu ndiye anayebeba dagaa wao. Leo amekuja kupakia. Nikamfuata mbele za watu wote, nikamwambia nina gunia langu moja la mwisho. Watu wakageuza nyuso zao pembeni kama kawaida yao, wasinione. Pius, kile kimya chao walichonifanyia miezi yote hii, leo kimenifaa. Hakuna aliyetazama nilichopakia.

Gari limelala mwaloni, Msafiri anajua kilichomo, kesho asubuhi linaondoka, na barua hii nitaipenyeza humo usiku huu. Ukisoma hapa, Queen hayupo tena Nyamhela.

Mimi nimebaki. Usinikasirikie. Wakikuta nyumba imefungwa watapiga mwano na kufukuza gari njia nzima mpaka Mwanza mjini. Kwa hiyo nitakuwa napika chakula cha watu wawili, nitaanika gauni lake kwenye kamba, na nitamgombeza kwa sauti kubwa uani, we Queen hebu njoo utwange, we Queen mvivu wewe. Kumgombeza naweza, nina uzoefu. Wao hawaingii kwa mtu waliyemtenga, kwa hiyo mpaka Jumamosi hawatajua.

Jumamosi watakuja, na watanikuta mimi. Sijui itakuwaje. Naogopa, sikufichi. Hapa ninapoandika mbwa akibweka nazima taa kwanza, ndiyo maana mistari imepinda. Nawaza huenda wataona haya, mimi mtu mzima, nimewapokea watoto wao mikononi. Tena nawaza ule mtumbwi umeshapakwa chokaa, na watu wakishapaka kitu chokaa hawapendi kirudi bure. Baba alinifundisha kuogelea, unakumbuka, wewe ukiwa unalia ufukoni unataka nguo zako. Ila sasa magoti haya.

Barua hii ukiipata ni Ijumaa. Usipige simu kwa mtu yeyote wa huku, hata ndugu, hasa ndugu. Wiki ijayo mtume mtu kwa Msafiri pale Kisesa aulize habari zangu. Kama nipo, nitakuwa nimeacha kwake kilo moja ya dagaa wako. Kama hakuna dagaa, basi umeelewa, na usimwambie Queen mapema.

Ninachokuomba ni kimoja. Damu ni nzito kuliko maji, na wewe ndiye mjomba, hakuna mwingine aliyebaki upande wa mama yake. Mpe pa kulala. Mpe kazi pale mashineni, ana mikono myepesi na haibi. Mnunulie daftari amalize ile riwaya yake, maana hata mimi nataka kujua kama joka lilikuja. Jioni akiwasomea, ninyi semeni hadithi njoo, kwa nguvu, jirani asikie. Ukiogopa kwa ajili ya watoto, mpekue mkoba: kuna magauni mawili, kitana, picha ya Evelina, na michembe ya Hellen. Joka hamna. Nimelitafuta mwenyewe.

Msalimie sana Hellen, mwambie michembe hiyo ailoweke kwanza asije akanilaumu kwa meno yake. Nisalimie Alexander na wadogo zake, waambie shangazi yao anasema wasome, lakini wasisahau kucheza. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape mvua ya kiasi na usingizi usio na vishindo. Na mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa, mdogo wangu, shusha karatasi kidogo umtazame huyo aliyekuletea barua. Tazama paji la uso. Si la Evelina hilo? Ndiye Queen.

Nilimkataza kutaja jina na kukuita mjomba kabla hujamaliza kusoma, kwa sababu nilijua ungefunga mlango. Lakini nilimwomba kitu kimoja, na ilinichukua jana nzima kumbembeleza: akifika kwako apige goti, aamkie. Amekubali kuamkia mara hii moja. Kasema isipoitikiwa na hii, hataamkia mtu tena maishani mwake.

Nakujua, uliona bahasha ukaikimbilia. Huenda hukumwitikia. Basi mwitikie sasa, Pius, kwa sauti, hata kama unaogopa.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, nikupendaye nikiwa na hofu na nisipokuwa nayo,

Wilhelmina